Nimealikwa kupiga gitaa la klasiki kwenye chumba cha maonyesho ya picha, nijiandaeje?

Swali lenyewe lilikuja hivi, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Napiga gitaa la klasiki mwaka wa sita sasa, nimezoea kupiga darasani na kwenye kumbi ndogo zenye mapazia. Nimealikwa kupiga peke yangu dakika 50 siku ya ufunguzi wa maonyesho ya picha za kuchora, chumba kina kuta nyeupe na sakafu ya zege iliyong'arishwa, watu watakuwa kama 60. Je nibebe spika? Nipige vipande gani? Na nikae wapi? Nina hofu sana."

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza matatu ila kuna la nne hujaliuliza na hilo ndo linabeba mengine yote: hao waliokualika wanataka watu wakusikilize, au wanataka tu chumba kisipooze? Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa na lazima uyajue wiki kadhaa kabla, sio unafika jioni ile na gitaa begani ndo unagundua umewekwa pembeni ya meza ya vinywaji.

Mwaka 1920 pale Paris, kwenye galari inaitwa Galerie Barbazanges, mtunzi Mfaransa Erik Satie alipeleka mziki alioupa jina la musique d'ameublement, yaani mziki wa fanicha, uwepo tu chumbani kama kiti kilivyopo. Ulipigwa wakati wa mapumziko ya mchezo wa kuigiza na watu walishaambiwa mapema wasiusikilize, watembee, waongee, waangalie picha ukutani. Mziki ulipoanza watu wakarudi kwenye viti wakatulia kimya, Satie mwenyewe akabaki anazunguka anawahimiza jamani ongeeni, tembeeni! Mimi kisa hiki nakipenda ila sikupi kama faraja, kwasababu Satie alikuwa na kundi la wapigaji na wewe una nyuzi sita za nailoni. Mtu mmoja akiongea kawaida, mita moja kutoka kwake unapata kama desibeli 60 (kipimo cha ukubwa wa sauti). Sehemu laini za vipande vyako mtu aliyekaa mita nne hapati hata hizo. Kwahiyo watu ishirini wakiwa na glasi mkononi na wamekutana na marafiki waliopoteana siku nyingi, gitaa limeisha, hata ungekuwa nani.

Ninachokuomba uwaambie wenyeji ni hiki: waache watu waingie, wasalimiane, wazunguke picha saa nzima, alafu mtu mmoja mwenye sauti atangaze, watu wakae, wewe upige dakika 35 au 40 za kusikilizwa, ukimaliza watu warudi kwenye picha. Dakika 50 kwenye chumba kile ni nyingi, na kama viti havitoshi wengine watasimama na mtu aliyesimama akifika dakika ya ishirini anaanza kuhama mguu huu kwenda huu, na kwenye zege kila kiatu kinasikika. Wakikwambia watu waliokuja kuangalia picha hawawezi kutulia wakasikiliza, wakumbushe London 1939. National Gallery ilihamisha picha zake kwasababu ya vita, kuta zikabaki tupu, mpiga piano Myra Hess akaanzisha matamasha ya mchana humohumo ndani. Yaliendelea mpaka 1946 na yalifika 1,698. Watu walikuwa wanatoka kazini wanakuja kukaa kimya kwenye nyumba ya picha isiyo na picha. Watu wanaweza bwana, ila wapewe kiti, wapewe muda unaojulikana.

Sasa tuje kwenye chumba, na hapa ntakaa sana maana hapa ndo wapigaji wengi wanaumia.

Sayansi ya sauti za vyumba ilianzia kwenye jumba la sanaa, sijui kama ulishaambiwa. Chuo kikuu cha Harvard kilijenga Fogg Art Museum, ndani kukawa na ukumbi wa mihadhara ambao mtu akiongea haeleweki anasema nini. Mwaka 1895 wakamwambia mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Clement Sabine, atafute dawa. Akawa anaenda usiku kukiwa kimya, na filimbi ya kinanda na saa ya kupimia sekunde, anapiga sauti moja anaikata, anahesabu inachukua muda gani kupotea. Chumba kikiwa kitupu ilikuwa inabaki hewani kama sekunde tano na nusu, yaani neno la kwanza bado linazunguka na mzungumzaji yuko katikati ya sentensi nyingine. Akaazima mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani, akawa anaiingiza kidogokidogo na kupima tena, na kutoka hapo akapata hesabu tunayoitumia mpaka leo: muda wa mwangwi ni 0.161 mara ujazo wa chumba, gawanya kwa uwezo wa vitu vyote vilivyomo kumeza sauti.

Tuifanye kwa chumba chako. Hujanipa vipimo kwahiyo tuchukulie mita 12 kwa 8, kimo mita 4. Ujazo ni mita za ujazo 384. Kuta, sakafu na dari ukijumlisha unapata mita za mraba 352, na zege na plasta ngumu vinameza kama asilimia 3 tu ya sauti inayovigonga, sawa na mita za mraba kama 10.6 za kumeza. Piga hesabu unapata karibu sekunde 5.8, chumba cha Sabine kabisa. Sasa ingiza watu 60, kila mmoja na nguo zake na mwili wake anameza kama nusu mita ya mraba, inakuwa 40.6, na mwangwi unashuka mpaka sekunde 1.5 hivi. Sekunde moja na nusu kwa gitaa ni tamu sana! Ni makadirio, maana dari ya jipsamu, milango na pazia moja tu vinabadilisha namba, ila unaona kinachotokea: ukifanya mazoezi mchana chumba kikiwa kitupu unapiga kwenye chumba kimoja, usiku unapiga kwenye chumba kingine. Wengi wanasikia ule mwangwi mkubwa wa mchana wanaufurahia, wanapunguza nguvu ya mkono wa kulia, alafu usiku wanajikuta sauti haifiki safu ya tatu. Mchana jifunze mahali pa kukaa na kelele zilipo. Nguvu ya mkono iamue ukishaona watu wamekaa, kwenye kipande cha kwanza, na ndo maana kipande cha kwanza kisiwe kigumu.

Kitu kingine cha kupima mchana ni kofi. Simama pale utakapokaa piga kofi moja kavu. Ukisikia sauti inapotea laini, sawa. Ukisikia inatetemeka, trrrr kama sarafu inazunguka mezani kabla ya kulala, hizo ni kuta mbili zinazotazamana zinarushiana sauti. Kuta zikiwa mita 8, sauti inakwenda na kurudi kila baada ya milisekunde kama 47, sikio linaikamata kabisa. Dawa yake rahisi ni kutokukaa sambamba na hizo kuta, geuza kiti kidogo kama digrii kumi na tano, sogea mbele au nyuma, piga kofi tena. Nguzo, sanamu na vibao vya katikati vinasaidia kuitawanya sauti, ila picha zenye vioo hazisaidii chochote, kioo kinairudisha kama ukuta ulivyo.

Na pia piga nyuzi zako zote moja moja, taratibu, kwa nguvu, na kila noti ya besi mpaka fureti ya tano (zile vyuma vya shingoni), huku mtu anazunguka chumba anasikiliza. Hii nilijifunza kwa uchungu. Niliwahi kupiga kwenye maonyesho fulani, kati ya kazi zilizokuwepo kulikuwa na bati nyembamba limening'inizwa kwa waya, kazi nzuri sana. Kila nikigusa uzi wa tano wazi, ile A ya hezi 110, bati linaitikia kwa mlio wa nyuki. Noti nyingine zote kimya, hiyo moja tu. Na kipande changu cha pili kilikuwa kwenye ufunguo wa A ndogo (A minor), kwahiyo hiyo besi inarudi kila baada ya mapigo machache, na watu wa mstari wa mbele wakaanza kuangalia gitaa langu wakidhani limepasuka. Mchana ningeomba wasogeze lile bati kidogo, au ningebadilisha kipande. Usiku huo sikuwa na la kufanya.

Tuje kwenye vipande. Noti ya gitaa ikishachomoka kidoleni inaanza kufa palepale, huwezi kuivuta kama fidla. Chumba kigumu kinakupa kile gitaa halina, kinakushikia noti. Kwahiyo vipande vya polepole vyenye nafasi ndani vinapendeza kule kuliko vinavyopendeza darasani. Lágrima ya Tárrega, preludio za Villa-Lobos za 1940 hasa ile ya kwanza yenye melodi kwenye besi, Homenaje ya Manuel de Falla ya 1920 aliyoiandika kumlilia Debussy, mtunzi Mfaransa. Hiyo ya Falla kwangu mimi imekaa kama imeandikwa kwa ajili ya chumba chenye picha, ni fupi, inatembea kwa mdundo wa habanera, ngoma ya polepole ya Kuba, uliochoka, na imejaa mapumziko ambayo darasani yanasikika kama mtu amesahau ila kwenye chumba chenye mwangwi yanakuwa sehemu ya mziki. Recuerdos de la Alhambra, ya Tárrega pia, watu watakutisha kwamba tremolo (uzi mmoja kupigwa harakaharaka kwa vidole vitatu) itavurugika, mimi naona kinyume, tremolo inataka mwangwi kiasi ili zile noti za vidole vitatu ziungane zionekane sauti moja ndefu. Kinachovurugika ni besi ya kidole gumba, ile noti ya chodi iliyopita inabaki inagombana na chodi mpya. Zima besi. Ukibadilisha chodi, gumba lirudi liuguse uzi uliolia kabla, ni kazi ndogo ila ifanyie mazoezi wiki nzima kwa mwendo wa konokono, vinginevyo hutaikumbuka ukiwa na hofu.

Usipeleke fugi ya Bach (sauti kadhaa zinazofuatana na kupishana) wala sehemu ya tatu ya La Catedral ya Barrios kwa spidi unayopigia nyumbani. Kama unazipenda sana punguza mwendo na piga karibu zaidi na daraja la gitaa ili kila noti iwe na ncha.

Kuhusu kuoanisha mziki na picha. Kuna repertwa ya kweli hapa, yaani vipande vilivyoandikwa kwa ajili hiyo. Mario Castelnuovo-Tedesco mwaka 1961 aliandika vipande 24 kwa gitaa kutoka kwenye Los Caprichos za mchoraji Mhispania Goya, zile picha 80 za kuchapa zilizotoka 1799, na ukichukua kimoja au viwili ukaonyesha na picha yenyewe kwenye karatasi ya programu, watu wanaelewa mara moja. Vyote 24 usithubutu, ni usiku mzima na ni vigumu. Wengine watakutajia mtunzi Mrusi Mussorgsky, ule mzunguko wa piano wa 1874 aliouandika baada ya kuangalia maonyesho ya picha za rafiki yake Hartmann aliyefariki mwaka uliotangulia. Mjapani Kazuhito Yamashita aliupanga upya kwa gitaa moja na ni kitu cha ajabu kukisikia, ila wewe kiache. Chukua wazo lake tu: Mussorgsky ana melodi ya kutembea inayorudi kati ya picha na picha, kama mtu anavuta hatua kwenda fremu inayofuata. Na wewe unaweza kuwa na kipande kifupi cha dakika moja kinachorudi mara tatu ndani ya programu, kila mara kimebadilika kidogo, sehemu ya kupigia imehama au mwendo umelegea. Watu wanakitambua, shingo zinageuka zenyewe kutafuta picha nyingine. Nimeliona hili likitokea zaidi ya mara moja na kila likitokea nafurahi.

Ninachokusihi usifanye ni kutafuta kipande cha mvua kwasababu kuna picha ya mvua. Aliyechora hakukuhitaji umwambie watu kwamba ile ni mvua. Nenda siku moja bila gitaa, kaa mbele ya picha moja dakika ishirini, angalia jicho lako linaingilia wapi na linatulia wapi, linakwenda haraka au linakokota. Alafu chagua kipande chenye mwendo huo.

Spika? Kwa watu 60 waliokaa kwenye kuta ngumu, usibebe. Gitaa la leo linatokana na kazi ya Antonio de Torres huko Uhispania karne ya 19, alipanua kiwiliwili, akatengeneza uso mwembamba unaotetemeka kirahisi, na kutoka hapo wapiga gitaa kama Segovia wakaweza kupiga kwenye kumbi kubwa bila maiki. Ukiongeza spika kwenye chumba cha zege unakilisha chumba mwangwi zaidi, sauti inakuwa kubwa lakini haieleweki, na kibaya kuliko vyote sikio linakusikia kwenye sanduku wakati jicho linakuona mahali pengine. Kama watafika mia na zaidi au watasimama, hapo sawa, maiki moja ndogo ya kondensa (aina inayonasa hata sauti laini) kama sentimita 40 kutoka kwenye gitaa, ielekee pale shingo inapokutana na kiwiliwili badala ya kwenye tundu, tundu linajaza besi. Spika ndogo moja iwe nyuma yako kidogo pembeni ili sauti itoke upande uliopo. Iongezwe mpaka mtu wa mwisho akusikie vizuri na asijue kama kuna spika, na ukisikia mluzi wowote rudisha chini. Kabla ya spika lakini, omba wazime kiyoyozi kwa dakika zako 40. Hicho pekee kinakupa nafasi zaidi ya spika yoyote.

Kukaa. Mgongo uangalie ukuta mgumu, mita moja na nusu hivi, ukuta unakusukumia sauti mbele. Sio kwenye kona, kona inavimbisha besi, na sio katikati ya chumba watu wakiwa wamekuzunguka, inapendeza kwenye picha ila waliokaa nyuma yako wanasikia mgongo wa gitaa tu. Kaa katikati ya ukuta mrefu, safu tatu au nne za nusu duara, mtu wa mwisho asiwe zaidi ya mita sita. Kaa kati ya picha na picha, usikae mbele ya picha. Unawazibia watu kile walichokuja kukiona na unamkosea aliyeichora. Na kumbuka shingo ya gitaa unapoinuka kuinamia watu inafagia eneo kubwa kuliko unavyodhani, kwahiyo umbali na kazi uulize kwa msimamizi wa maonyesho, uufuate hata kama unaona umezidi. Begi la gitaa usiliegemeze ukutani hata dakika moja.

Beba kiti chako kisicho na mikono, maana kule mara nyingi kuna mabenchi na viti vya kupendeza visivyokalika na gitaa. Kwenye zege iliyong'arishwa kistuli cha mguu kinateleza, weka kipande cha mpira chini yake. Na waombe wabandike mpira au kitambaa kizito chini ya miguu ya viti vya watu, kiti kimoja kikiburuzwa wakati wa kipande laini ni kama mtu kapiga kelele.

Taa. Kazi za karatasi, rangi za maji na michoro, huwa zinawekewa mwanga mdogo sana, kama lukisi 50 (kipimo cha mwanga), ili zisififie. Kwa mwanga huo noti huzioni. Kwahiyo ama upige kwa kichwa, ama uombe ruhusa ya kataa kadogo ka stendi kenye kifuniko kanakomulika karatasi yako tu. Pia angalia ile taa ya darini iliyomulika ukuta isije ikakupiga usoni au ikalipasha gitaa moto. Nailoni inahama ikibadilika joto, na watu 60 wakishaingia chumba kinapanda joto na unyevu. Kwa bahati nzuri unyevu unaotunza picha, karibu asilimia 50, ndo huohuo gitaa linaupenda. Fungua begi humo chumbani dakika 40 kabla, acha mbao zizoee, tyuni, subiri, tyuni tena, na uzi wa tatu uuangalie kwa jicho kali maana huo ndo unaosaliti wa kwanza.

Ongea na walinzi pia. Wapunguze redio zao, na uulize kama kuna kengele inayolia mtu akisogelea picha. Ukiongea kati ya vipande ongea polepole kuliko kawaida yako, sentensi mbili tatu, chumba kinachoshika noti kinashika na maneno.

Ukimaliza noti ya mwisho usiondoe mikono. Acha vidole vikae juu ya nyuzi bila kuzigusa, hesabu kimoyomoyo mpaka chumba kimeze kila kitu, alafu ndo ushushe gitaa, watu watapiga makofi wenyewe wakati wake. Hiyo ya mwisho ifanyie mazoezi kama unavyofanyia vipande.

Nitumie vipimo vya chumba na dari imetengenezwa na nini, alafu rekodi lile kofi kwa simu ukiwa umesimama sehemu tatu tofauti, nitakuambia mimi ningekaa wapi.